Ewe Mpiga Debe, Anayekuuliza Si Adui Yako

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na kabla siku hiyo haijafika mtaa wetu wa Islii, Nairobi, utakuwa umesikia vipaza sauti vya kila chama. Nataka kusema na ninyi mtakaopiga debe: vijana wa tisheti na kofia, akina mama wa vikundi mtakaoitwa kuimba, waendeshaji bodaboda mtakaojaza msafara, na wale wenye ulimi mwepesi mtakaopewa kipaza sauti mkononi. Wagombea nitawafikia baadaye. Nimeanza na ninyi kwa sababu mkazi wa Section Three au wa California huenda asikae na mgombea uso kwa uso hata siku moja. Atakayekaa naye ni wewe. Ukimtendea vibaya, hatasema kijana fulani hana adabu. Atasema chama chenu hakina adabu.

Nina jambo moja la kuwausia. Mtu anayekuuliza swali, anayekwambia bado hajaamua, anayekurudishia kikaratasi chako kwa upole, huyo ndiye uliyetumwa kwake. Waliokwisha kuvaa rangi zenu hawakuhitaji. Walioapa na upande wa pili hawatakusikia. Aliyebaki katikati ndiye kazi yako yote, naye ndiye ninayewaona mkimfokea kila msimu.

Huwa inakwenda hivi. Kundi linaingia Jam Street saa tano asubuhi, wakati hamali wana marobota mabegani na wateja kutoka kaunti nyingine wameanza kujaa. Lori la muziki linasimama katikati ya njia, mkokoteni haupiti. Mwenye duka anatoka na kuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, mgombea wenu ana mpango gani na maji taka yanayofurika hapa kila mvua ikinyesha. Hilo ni swali la mtu aliye tayari kusikiliza. Asiyetaka kusikia haulizi, hurudi ndani akaendelea na shughuli zake. Lakini kijana wa kampeni anageuka, anampima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anamuuliza: "Wewe umetumwa na nani?" Wenzake wanaanza kuzomea. Mmoja anabandika bango kwenye mlango wa chuma bila kuomba ruhusa, gundi ikitiririka juu ya jina la duka ambalo mwenyewe alimlipa fundi kuliandika. Kundi likiondoka linaamini limeiteka Jam Street. Limemwacha nyuma mwenye duka, wauzaji wake, hamali aliyesimamishwa na mzigo mgongoni, na wateja waliokuwa kando wakitazama, wote wakiwa wameamua jambo ambalo asubuhi hawakuwa wameliamua.

Ajabu ni kwamba Islii yenyewe ndiyo shule ya adabu hii. Mtazameni muuza vitambaa. Mama anaingia akitaka dera. Muuzaji anamkunjulia la kwanza, la pili, la kumi. Mama anashika, anauliza bei, anakunja uso, anasema ngoja nizunguke kidogo. Muuzaji hamwiti fukara, wala hamuulizi kama ametumwa na duka la jirani. Anakunja nguo zake upya na kumwambia karibu tena, mama. Anajua kwamba tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa kutoka nyumba ya kulala wageni ikawa soko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, majengo ya maduka yameota kila upande, na anayezunguka ana pengi pa kwenda. Hurudi kwa aliyemstahi. Basi inakuwaje kijana yuleyule, mwenye subira ya kukunjua na kukunja mchana kutwa kwa ajili ya faida ya shilingi mia, akivishwa kofia ya chama aanze kumuona kila anayesitasita kuwa msaliti? Nadhani ni kwa sababu ameambiwa kwamba kura ya mtaa huu ni yao tayari, na kwamba yeyote anayechelewa kuitoa amenunuliwa. Aliyewaambia hivyo amewadanganya.

Na mtaa huu una kumbukumbu zake ambazo mpiga debe anapaswa kuzijua kabla hajafungua mdomo. Novemba 18, 2012, bomu lililipua matatu hapahapa Islii na watu wakafa. Desemba 7 mwaka huohuo, mlipuko mwingine karibu na msikiti wa Hidaya uliua watu na kumjeruhi vibaya mbunge wetu wa Kamukunji, Yusuf Hassan. Walioyaona hayo bado ni majirani zetu. Kwa hiyo pikipiki zinapoingia kwa kishindo, injini zikipasuliwa makusudi na vijana wamejifunika nyuso, wewe unaona shangwe. Mama anayeteremsha mlango wa duka haraka haraka anaona kitu kingine kabisa. Hakichukii chama chako. Anaikumbuka siku ile, na wewe ndiwe uliyemkumbusha.

Kuna kumbukumbu nyingine yenye uchungu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wahojiwe ili wathibitishe uraia wao, na waliopita wakapewa kadi maalumu ya rangi ya waridi ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuibeba. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao hapa Islii, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwahoji. Watu walitolewa nyumbani usiku. Wenye vitambulisho halali walizuiliwa pamoja na wasiokuwa navyo. Sasa, baada ya hayo yote, mpiga debe anasimama mbele ya duka la mzee aliyezaliwa Pumwani, ambaye familia yake imekuwa Nairobi tangu enzi za ukoloni, na kutangaza kwa furaha: "Tunawasalimu wageni wetu wa Islii!" Anadhani amekuwa mkarimu. Mzee amesikia kwamba huyu anayemwomba kura hamhesabu kuwa mwenyeji. Na yupo mwingine ambaye hata salamu hana, anapiga kelele "Warya!" kutoka upande wa pili wa barabara kumwita mtu wa umri wa babu yake. Vijana wangu, mtu mzima anaitwa mzee. Anakaribiwa, anasalimiwa, anangojwa aitikie. Hilo halihitaji mafunzo ya chama, mlifunzwa nyumbani.

Wala msidhani kanzu inafuta ukosefu huo. Mgombea anayevaa kofia ya kiua siku ya mkutano tu, na mgombea wa kike anayejitanda mtandio kuanzia mzunguko wa barabara hadi jukwaani kisha akauvua garini, wote wanaonwa. Watu hawaombi muige mavazi yao. Wanaomba mzime muziki adhana ikisikika. Wanaomba msafara usipite Ijumaa mchana mbele ya msikiti watu wakiwa safuni hadi barabarani, wala Jumapili asubuhi mbele ya Kanisa la Mtakatifu Teresa misa ikiendelea. Wanaomba msimshike mkono kwa nguvu mwanamke aliyeuweka kifuani kuonyesha kwamba salamu yake ni ya mdomo, na msimpige picha akiwa dukani kwake ili kesho auone uso wake kwenye tangazo la mtu asiyemuunga mkono. Haya ni madogo kwenu, na gharama yake ni sifuri. Saa zenyewe za kampeni zina mpaka: mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka kampeni kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Anayeamsha watoto saa nne usiku kwa kipaza sauti anavunja kanuni aliyoitilia saini mgombea wake.

Nije kwenye pesa, maana hapo ndipo dharau huvaa nguo za ukarimu. Gari linapita polepole, dirisha la juu limefunguliwa, noti zinarushwa hewani. Watu wazima wanainama na kusukumana. Mtoto anakanyagwa mkono. Juu ya gari wanacheka na kurekodi kwa simu. Najua njaa ipo, na simlaumu hata mmoja aliyeinama. Ninayemlaumu ni yule anayefurahia kuwaona wameinama. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu hongo ya kura kuwa jinai, lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu uliyemwokotesha pesa chini hatasahau kwamba ulimtazama ukiwa juu.

Wazee wa mji huu wana ushahidi wa jambo hilo. Katika kura za mchujo za KANU za mwaka 1988, watu walipanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na kila jicho likaona nani kasimama wapi. Uchaguzi wa vyama vingi ulipokuja Desemba 1992 kura ikawa ya siri. Kikundi cha YK92 kikamwaga fedha nchini kumpigia debe Rais Moi kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ikapachikwa jina la Jirongo, kwa kumtaja kiongozi wa kikundi hicho, Cyrus Jirongo. Moi alishinda urais, ni kweli, maana upinzani ulikuwa umegawanyika. Lakini hapa Nairobi Kenneth Matiba wa upinzani ndiye aliyeongoza, na katika viti vinane vya ubunge KANU ikaambulia kimoja tu, cha Westlands. Noti zilipokelewa. Mkono uliozipokea uliingia kibandani peke yake. Kura ya siri imempa aliyedharauliwa nafasi ya kutabasamu mbele yako na kukujibu mahali usipomuona, na mpiga debe anayehesabu tabasamu hizo kuwa kura ataumia usiku wa kutangazwa matokeo.

Tena siku hizi mtu huyo ana njia ya tatu, nayo ni kukaa nyumbani. Mwaka 2013 karibu Wakenya 86 kati ya kila 100 waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa karibu 65. Sababu ni nyingi na siwezi kuzitwika adabu peke yake. Lakini nimezungumza na vijana wa Section One na wa Majengo ambao wanasema siasa yote ni matusi na ukelele, hawaoni kwa nini wapange foleni kwa ajili yake. Hao hamkuwapoteza kwa mpinzani. Mmeipotezea nchi nzima wapiga kura hao.

Kuhusu matusi niseme wazi, kwa sababu kuna wanaodhani yanachangamsha umati. Yanauchangamsha umati wenu, naam. Agosti 2015, katika uwanja wa Jangwani, Dar es Salaam, marehemu Benjamin Mkapa, rais mstaafu aliyeheshimiwa na wengi, alisimama kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM na kuwaita wapinzani wapumbavu na malofa. Wenzake walishangilia. Upande wa pili waliliokota neno hilo wakalivaa kama beji. Vijana wakajiita malofa kwa fahari. CCM ilishinda, ila Edward Lowassa wa upinzani alipata karibu asilimia 40, kiwango ambacho hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amekifikia nchini humo katika uchaguzi wa urais. Sidai kwamba neno moja lilileta kura hizo. Nasema tu kwamba tusi la mzee mwenye hadhi liliwaunganisha watu aliotaka kuwatawanya, na likabaki kinywani mwa watu muda mrefu baada ya ahadi za siku ile kusahauliwa.

Kwetu Kenya lipo la Januari 2022. Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, akihutubia mkutano Eldoret aliwataka wenyeji waondoe "madoadoa". Katika mji ule, ambao uliona damu na moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kila mtu alijua kwamba zamani neno hilo lilimaanisha watu wa makabila mengine. Alikamatwa, akaeleza kwamba hakukusudia kabila lolote, akaomba radhi. Kambi yake ikalazimika kutumia siku nzima za kampeni kujitenga na kauli ya sekunde chache. Hapa Islii, penye Msomali, Mkikuyu, Mkamba, Mluo, Muoromo, Mmeru, Mnubi na Mswahili wa Majengo katika ngazi moja ya ghorofa, neno kama hilo haliishii kwa uliyemlenga. Linasikiwa na jirani yake anayemkopesha chumvi.

Ukitaka kujua kwamba mtaa huu huwapokea walio tofauti nao, rudi mwaka 1961. Tom Mboya, Mluo, aligombea Nairobi Mashariki, eneo ambalo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu mwenye jina kubwa. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufika 3,000. Baadaye Mboya akawa mbunge wa Kamukunji hadi alipouawa Julai 1969. Watu waliomjua hawakumwita mnyenyekevu. Wapinzani wake walimwita mwenye majivuno, na huenda hawakukosea. Lakini kwa miaka mingi kabla ya kuomba kura alikuwa katika vyama vya wafanyakazi, akisikiliza kesi ya karani aliyefutwa na ya kibarua aliyepunjwa, pasipo kumuuliza lugha ya mamake. Alipofika kuomba kura hakuwa mgeni, na aliowaomba walikwisha kupata mahali pa kuuliza maswali yao. Mpiga debe hana miaka hiyo. Ana dakika tano mlangoni. Ndiyo maana dakika hizo zisiishie kwenye kufoka.

Wasomi wawili wa Marekani, Joshua Kalla na David Broockman, walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa majaribio 49 kuhusu kampeni za kwao, za kubisha hodi, za simu na za vipeperushi. Walikuta kwamba uchaguzi mkuu ukikaribia, uwezo wa mbinu hizo kumgeuza mpiga kura ni, kwa wastani, sifuri. Kwao si kwetu, lakini matokeo hayo yanapaswa kumtia adabu kila anayeamini kwamba kelele ikizidi kura zitazidi. Kama hata kampeni za kistaarabu, zenye wataalamu na fedha, hazimgeuzi mtu kwa urahisi hivyo, kuna sababu gani ya kudhani kumzomea kutamgeuza? Kumgeukisha dhidi yako, hilo ni rahisi sana. Na upole una mfano wa zamani zaidi: Waislamu na Wakristo wote wanakijua kisa cha Musa na Haruni kutumwa kwa Firauni. Katika Kurani wanaagizwa waseme naye maneno ya upole, yeye aliyekuwa dhalimu. Mwenye duka la vitambaa si Firauni, na wewe si Musa.

Nanyi wagombea, sasa ni zamu yenu. Kijana aliyemzomea mwenye duka yule mmemleta ninyi, kwa mia tano na chupa ya kitu cha kumtoa aibu, mkijua fika kwamba hajasoma hata ukurasa mmoja wa ilani yenu. Mkiona amekosea mnasema hamumjui. Acheni. Mchagueni mtu anayejulikana mtaani kwa heshima, hata kama sauti yake si kubwa. Mlipeni mchana, kwa hesabu iliyo wazi, akiwa na akili timamu. Mpeni majibu ya mambo matatu ambayo kila mtu wa Islii atamuuliza: maji taka, takataka, na askari wa kaunti wanaowanyang'anya wachuuzi bidhaa. Kama hamna majibu, mwambieni aseme kwamba hamna bado, kwa sababu hilo pia ni jibu na watu hulistahi kuliko uongo. Kikundi chenu kikichafua mlango wa mtu, mgombea mwenyewe arudi siku inayofuata bila kamera, aombe radhi, na fundi wa rangi awe nyuma yake.

Na wewe mpiga debe, kesho ukiingia dukani salimia kwanza, ngoja mteja amalize kuhudumiwa, sema jina lako na la unayemuunga mkono, kisha uliza kama wana nafasi. Wakikwambia hawana, shukuru utoke. Wakikuuliza swali usilolijua, toa daftari uliandike mbele yao, pamoja na jina la duka. Mtu akikwambia ameshaamua kumchagua mwingine, muulize ni jambo gani lililomvuta huko, usikilize hadi amalize, usimkatize hata akikosea, nalo liandike. Jioni mpelekee mgombea daftari lote kama lilivyo, na usikubali kwenda mtaa mwingine mpaka akupe majibu ya kurudisha Jam Street.